Kope Ziwashazo, na Jinsi ya Kuzituliza



Katika Katekisimo Ndogo twajifunza ya kwamba macho yetu, kama viungo vyote, ni kipawa cha Mungu Muumba. Tena katika Amri ya Tano twafundishwa kwamba haitoshi kutomdhuru jirani mwili wake, bali imetupasa kumsaidia pia. Kwa hiyo si jambo geni kwa mwalimu wa Injili kufundisha habari za kope. Kwa neno hili maana yetu ni ngozi ifunikayo jicho. Na nywele zake twaziita nywele za kope.

1. Kuwashwa kwa kawaida

Hapa Tindiga, kama katika nchi yote ya Kilosa mpaka Mikumi, kiangazi huleta vumbi jingi, na moshi wa kuni hujaa jikoni. Si ajabu mtu aamke kope zake zimekauka, zinawasha, na katika mizizi ya nywele zake mna magamba madogo kama mba. Pembezoni mwa kope Mungu ameweka vitundu vidogo vitoavyo mafuta, ili machozi yasikauke upesi. Vitundu hivyo vikizibana, jicho hukauka na kope huvimba.

Dawa yake ya kwanza haina gharama. Chemsha maji, uyaache yapoe hata yawe ya moto wa kadiri. Yajaribu kwanza kwa kifundo cha mkono. Nawa mikono kwa sabuni. Chovya kitambaa safi, ukikamue, ukiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 5 hata 10, ukikichovya tena kipoapo. Joto huyeyusha mafuta yaliyoganda. Kisha pangusa polepole mizizi ya nywele za kope, na jicho la pili ulitumie kitambaa kingine. Fanya hivi asubuhi na jioni kwa majuma kadhaa, wala usichoke siku ya tatu. Lakini kama hakuna magamba, ni kuwashwa tu kwa sababu ya vumbi, kitambaa cha maji baridi chafaa zaidi.

Usifikiche macho, kwa maana kufikicha huzidisha kuwashwa. Acha wanja mpaka upone. Wala usitie ndani ya jicho maji ya majani, mkojo, au maziwa ya mama. Vitu hivi vyaweza kuharibu kioo cha jicho, na mtu aliyetafuta nafuu ya kope akapoteza kuona.

2. Vikope

Uko ugonjwa mwingine ambao mwanzo wake hufanana na huo, nao ni vikope, au trakoma. Huu waletwa na vijidudu, nao huwapata hasa watoto wadogo. Ndani ya kope la juu huota vipele vidogo, jicho huwa jekundu na kutoa tongo. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, kope hufanya makovu ndani. Makovu hukaza kope, na nywele zake hugeuka kuelekea ndani, zikakwaruza jicho kila apepesapo. Basi yule aliyeanza kuwashwa utotoni aweza kuwa kipofu katika utu uzima wake, na hasa wanawake, kwa kuwa wao ndio wakaao karibu na watoto wagonjwa.

Vijidudu hivi husafiri kwa mikono, kwa kitambaa kimoja kipangusacho nyuso za nyumba nzima, na kwa nzi. Wako watu ambao, wakiona nzi machoni pa mtoto, huwalaumu wafugaji na ng'ombe wao. Lakini nzi yule apendaye macho huzaliana hasa katika mavi ya watu yaliyoachwa wazi juu ya nchi. Basi mkulima na mfugaji wote wana kazi moja, yaani kuchimba choo na kukitumia.

Katika Kongwa, Mkoa wa Dodoma, ambao ni jirani na Morogoro, wataalamu walifanya jaribio katika vijiji sita, nayo matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Vijiji vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni. Na vitatu kati yake vilifundishwa pia kwa bidii kuwanawisha watoto nyuso. Huko walikofundishwa, vikope vikali vilipungua zaidi. Tangu mwaka 1999 Tanzania imepokea pia msaada wa dawa ya kumeza, azithromaisini, ambayo hutolewa kwa kijiji kizima pamoja. Sababu yake ni wazi: ukimponya mmoja na kuwaacha wenziwe, ataambukizwa tena.

Wala maji machache yasiwe udhuru. Kikombe kimoja, kikimiminwa kidogo kidogo, chatosha kunawisha nyuso za watoto wawili watatu. Lakini mwalimu asimwaibishe mama aliyechota maji mbali. Amwonyeshe kwa upole.

3. Wakati wa kwenda zahanati

Bibi zetu wengine hung'oa kwa kibano nywele zilizogeuka. Nafuu hupatikana kwa muda tu, kisha huota tena, nazo mara nyingine ni fupi na kali kuliko kwanza. Mtu wa namna hii apelekwe kwa mganga wa macho, kwa maana upasuaji mdogo wa kope humponya kukwaruzwa, nao hufanywa kwa ganzi ya mahali pale tu. Asingoje, kwa kuwa kuona kulikokwisha kupotea huenda kusirudi.

Nendeni pia bila kukawia mkiona haya: jicho linauma sana, au halivumilii nuru, kuona kumepungua, pana doa jeupe, au mtoto mchanga anatoa usaha machoni.

Maswali kwa ajili ya darasa

1. Kitambaa cha moto hufaa lini, na cha baridi lini?
2. Kwa nini dawa ya vikope hupewa kijiji kizima?
3. Katika mtaa wako, yuko nani ang'oaye nywele za kope kwa kibano? Nani atamsindikiza zahanati, na siku gani?