Mvua Kubwa na Mifugo Inayotupa Mimba: Maswali ya Wafugaji wa Kilosa

Abiria wa basi la Iringa huikumbuka Mikumi kwa twiga na nyati wanaoonekana kandokando ya barabara kuu. Ukiiacha hifadhi na kuelekea Kilosa, hadi Parakuyo na Twatwatwa, wenye nchi ni ng'ombe, mbuzi na kondoo wa wafugaji wa Kimaasai. Mvua ikizidi, tambarare za Mkata hugeuka madimbwi, mbu huwa wengi, na maswali kuhusu homa ya Bonde la Ufa hurudi.

Ugonjwa huu umewahi kufika huku?

Umefika. Mwishoni mwa 2006 mvua za El Niño zilinyesha kupita kiasi Afrika Mashariki. Ugonjwa ulianza Kenya, Januari 2007 ukaonekana Ngorongoro, kisha ukasambaa hadi mikoa 10 ya Tanzania, Morogoro ukiwemo. Jirani yake Dodoma ndiyo iliyoumia zaidi. Hadi ulipotulia katikati ya mwaka, walihesabiwa wagonjwa 309, na 144 kati yao walifariki.

Hesabu hiyo inatisha, na inahitaji maelezo. Wengi wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, wakapona nyumbani bila kuandikwa popote. Waliohesabiwa ni hasa wale waliozidiwa.

Miaka ya ukame virusi hujificha wapi?

Ardhini, ndani ya mayai. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wenye unyevu pembeni mwa madimbwi, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miaka, mengine yakiwa tayari na virusi vilivyotoka kwa mama. Mafuriko yakiyafunika, huanguliwa, na mbu wanaoruka hapo huuma mifugo kwanza. Baadaye mbu wa jamii nyingine hunyonya damu ya mifugo hiyo na kueneza ugonjwa mbali zaidi. Virusi vyenyewe vilitambuliwa 1931 kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya.

Basi mtu akijikinga na mbu amesalimika?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawajaambiwa vya kutosha. Mbu anaambukiza, lakini njia kubwa ya virusi kumfikia binadamu ni mikono yake mwenyewe.

Mfikirie mfugaji usiku zizini. Ng'ombe amelala ubavu, anasukuma ndama aliyekufa tumboni. Mfugaji anashika miguu ya ndama kwa mikono mitupu na kuvuta. Damu na maji ya uzazi vinamchuruzika hadi viwikoni, na vidoleni bado ana michubuko ya miba ya jana. Akimaliza anawatupia mbwa kondo la nyuma, anasuuza mikono kwa maji kidogo, anarudi kulala. Kama ng'ombe yule alikuwa na homa ya Bonde la Ufa, majimaji yale yalijaa virusi. Dalili hufuata baada ya siku 2 hadi 6.

Hatari hiyohiyo iko kwa mchinjaji, mchuna ngozi na anayekatakata nyama mbichi nyumbani. Maziwa yachemshwe. Nyama iliyoiva vizuri haina tatizo, na hakuna ushahidi kwamba mgonjwa humwambukiza mtu mwingine.

Je, kila homa ni malaria?

Si kila homa. Mwaka 2013 watafiti waliwapima watoto wa miaka 2 hadi 13 waliofika na homa katika hospitali ya wilaya ya Kilosa, wakakuta dengue na chikungunya miongoni mwao. Chikungunya ni jina la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja kwa maumivu. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 upande wa Newala.

Kwa hiyo kipimo cha malaria kikitoka hasi, mgonjwa amweleze daktari kama amezalisha, amechinja au amechuna mnyama siku za karibuni. Kutokwa damu, macho kuwa ya manjano, kuchanganyikiwa au kuona ukungu ni sababu ya kukimbizwa hospitali. Aspirini na diklofenaki ziepukwe mpaka dengue iondolewe shaka.

Je, kuna chanjo?

Ya mifugo ipo. Ya binadamu iliyoidhinishwa bado. Mifugo ichanjwe kabla ya mvua, kwa sababu mlipuko ukishaanza, sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kueneza virusi.

Dalili ya kwanza kijijini huonekana zizini: kondoo, mbuzi na ng'ombe kutupa mimba kwa wingi na wana-kondoo kufa kwa mkupuo. Hapo mnyama mgonjwa asichinjwe, mizoga na makondo vifukiwe na mtu aliyevaa glavu, na afisa mifugo wa kata apigiwe simu siku hiyohiyo, kabla mtu hajaugua.