Kurudi Kwenye Vitabu vya Hesabu: Somo kwa Makarani, Watunza Ghala na Waweka Hazina



Katika matawi yetu wapo wenzetu ambao zamani walijifunza kuweka vitabu vya hesabu, kisha maisha yakawapeleka kwingine. Huyu alisoma biashara Nakawa, akawa karani katika kampuni iliyokuja kufungwa, na leo anasimamia mashine ya kusokota nyuzi. Yule aliacha ofisi ili alee watoto, na sasa anachuma chai. Wengine bado wanashika kalamu kila siku ila hawaihesabu kuwa ni ujuzi: karani wa mizani anayeandika kilo za majani, mtunza ghala, mweka hazina wa tawi. Wote hutuuliza swali moja. Je, ujuzi ule umeoza, au mtu anaweza kuurudia, akapata hati, akafanya kazi yake mwenyewe mjini Kampala?

Jibu letu ni kwamba unarudiwa, lakini kwa mpango. Na kabla ya mpango tuseme jambo moja wazi. Waajiri wanapopunguza watu hupenda kuwaambia, "Nendeni mkajiajiri." Chama hakisemi hivyo. Anayejiajiri hana likizo ya kulipwa, hana mwajiri wa kumchangia asilimia 10 katika NSSF, na akiugua mwezi mzima mapato yake yanaugua pamoja naye. Somo hili ni la mtu anayechagua njia hii akiwa macho. Halimpi mwajiri yeyote udhuru.

Kilichobaki na kilichobadilika

Kanuni ya kuingiza kila jambo pande mbili ni ya kale. Mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na hata wakati huo wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuitumia. Hakuna serikali wala mashine iliyoigeuza. Aliyeielewa mwaka 1980 anaielewa leo, hata kama mkono umekuwa mzito.

Tujikumbushe kwa mfano. Mama ana kibanda cha nguo katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Asubuhi ana shilingi 300,000 sandukuni. Mchana kutwa anauza nguo za shilingi 420,000, lakini 70,000 katika hizo ni za mkopo. Ananunua nguo nyingine kwa 150,000 taslimu, kisha anatoa 100,000 kulipa ada ya mtoto. Jioni anakuta sandukuni shilingi 400,000. Anasema, "Leo nimepata faida laki moja."

Amekosea, na kosa hili ndilo linaloua biashara nyingi ndogo. Fedha iliyo sandukuni si faida. Ili kuijua faida lazima tuulize: nguo alizouza leo, yeye alizinunua kwa kiasi gani? Tuseme kwa 290,000. Basi faida yake, kabla ya kodi ya kibanda na gharama nyingine, ni 420,000 kutoa 290,000, yaani 130,000. Ada ya mtoto si gharama ya biashara. Ni fedha aliyoitoa mwenyewe kwa matumizi yake, nayo ina ukurasa wake katika leja.

Sasa tuhakikishe upande wa pili. Fedha zimeongezeka 100,000. Wadaiwa wameongezeka 70,000. Bidhaa zimepungua, kwa sababu zimeingia za 150,000 na kutoka za 290,000; upungufu ni 140,000. Jumla ya mali imeongezeka 30,000 tu. Na upande wa mwenye mali: faida 130,000 kutoa matumizi yake 100,000, ni 30,000. Pande mbili zimekubaliana. Msomaji aliyefuata hesabu hii bila kukwama ajue kwamba ujuzi wake haujafa. Aliyekwama airudie kwa kalamu na karatasi, maana kwa macho tu haiingii.

Yaliyobadilika ni sheria na vifaa, na hapo ndipo aliyeondoka zamani huachwa nyuma. Karani wa mwaka 1987 anakumbuka alivyofuta sufuri mbili katika kila ukurasa, shilingi 100 za zamani zilipofanywa shilingi 1 mpya. Tangu hapo mengi yamefuata. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, iliundwa mwaka 1991. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza tarehe 1 Julai 1996 na kuchukua nafasi ya kodi ya mauzo. Sheria mpya ya kodi ya mapato ilitungwa mwaka 1997. Mwaka 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani walianza kutakiwa kutoa ankara za kielektroniki kwa mtambo wa EFRIS. Na vitabu vyenyewe sasa mara nyingi huwekwa katika kompyuta. Kompyuta isimtishe mtu: inajumlisha upesi, lakini haijui kama ada ya mtoto imeandikwa mahali pake. Ukiipa uongo inaujumlisha vizuri sana.

Kwa nini mwenye kibanda akulipe

Hapa tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaorudi kwenye kazi hii wanajua kuweka vitabu lakini hawajui kumweleza mwenye duka vina faida gani kwake. Anakuona umekuja kumwongezea matumizi.

Sheria ya kodi ya mapato ina njia nyepesi kwa biashara ndogo, zile ambazo mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 10 na hayapiti milioni 150. Hutozwa kwa kutazama mauzo. Marekebisho yaliyoanza Julai 2020 yaliwagawa wafanyabiashara hawa katika mafungu mawili: wenye kumbukumbu za hesabu na wasio nazo. Asiye na kumbukumbu hulipa kiasi kilichokatwa: shilingi 80,000 kwa mauzo ya milioni 10 hadi 30, shilingi 200,000 kwa milioni 30 hadi 50, shilingi 400,000 kwa milioni 50 hadi 80, na shilingi 900,000 kwa milioni 80 hadi 150. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia ndogo. Katika daraja la kwanza ni asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10. Katika la pili ni shilingi 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30. La tatu ni 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50. La nne ni 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya kinachozidi milioni 80.

Tuchukue mwenye duka wa Kisenyi anayeuza kwa milioni 90 kwa mwaka. Bila vitabu, kodi kwa viwango hivyo ni 900,000. Akiwa na vitabu ni 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya milioni 10, yaani 70,000. Jumla 430,000. Tofauti ni shilingi 470,000, wala hakuna aliyedanganya. Lakini tazameni pia mwenye kibanda anayeuza kwa milioni 20: bila vitabu 80,000, na vitabu 40,000. Huyu anaokoa 40,000 kwa mwaka mzima. Ukimdai ujira wa 50,000 kila mwezi kwa hoja ya kodi peke yake, unamwibia. Kwake faida ya vitabu ni nyingine: kujua nani anamdai na nani anadaiwa, kujua bidhaa ipi inamla, na kuwa na karatasi za kuonyesha anapoomba mkopo kwenye sako au benki. Mweleze hiyo, na ujira uwe wa kadiri yake.

Jambo moja linawashangaza wengi: njia hii nyepesi haimhusu mtunza hesabu mwenyewe. Sheria imeziondoa kazi za kitaalamu, za hesabu zikiwamo. Wewe utalipa kodi kwa utaratibu wa kawaida, juu ya mapato baada ya kutoa gharama. Kwa hiyo vitabu vya kwanza kuweka ni vyako.

Hati

Taasisi ya Wahasibu wa Umma Waliothibitishwa ya Uganda, ICPAU, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na leo inaongozwa na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013. Ofisi yake ipo Bukoto Street, Kololo. Ina mitihani ya ngazi mbili inayotuhusu. Ya kwanza ni stashahada ya mafundi wa hesabu, iitwayo ATD. Ya pili ni CPA, ya wahasibu kamili. Kwa maoni yetu mtu aliyekaa miaka mingi nje ya ofisi aanze na ATD, hata kama majivuno yanamvuta kwenye CPA. Mitihani hufanywa karatasi kwa karatasi, na anayefanya kazi ya zamu ni heri achukue karatasi mbili na kufaulu, kuliko tano na kurudia nne. Aliyepata ATD anaweza kuendelea hadi CPA.

Kabla ya kujiandikisha kusanya karatasi zako. Vyeti vya zamani visitupwe. Kile cha Chuo cha Taifa cha Masomo ya Biashara cha Nakawa, kwa mfano, ni cha chuo ambacho mwaka 1997 kiliunganishwa na kitivo cha biashara cha Makerere kikawa MUBS. Chuo hakikupotea bali kilibadili jina. Na kila anayeondoka kazini aombe hati ya utumishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aitoe mfanyakazi akiiomba. Hakikisha imetaja kazi uliyoifanya kweli. "Mtunza ghala, miaka 9, aliweka kadi za bidhaa" ni maneno yenye uzito. "Kibarua" peke yake hayatakusaidia.

Sasa mpaka, nao msiuvuke. Kukagua hesabu na kutia sahihi kama mkaguzi ni kazi ya mhasibu mwanachama mwenye hati ya kufanya kazi hiyo. Kujitangaza kuwa wakala wa kodi kunahitaji kusajiliwa. Anayeanza huandika daftari la fedha, huweka leja, hulinganisha daftari na taarifa ya benki, hutengeneza urari, na hapo hupeleka kwa mhasibu. Kabla ya kubandika kibao mlangoni, nenda Kololo ukaulize kwa maandishi ni maneno gani unaruhusiwa kuyaandika.

Kuanza

Usianze kwa kukodi ofisi. Tunasema hivi kwa sababu ya akiba. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, mwanachama wa NSSF aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Fedha hizo zimekwisha kuonekana zikigeuka meza, kiti cha kuzunguka na kodi ya chumba cha miezi sita, na wateja wasije. Mtunza hesabu wa wafanyabiashara wadogo hufanya kazi dukani kwa mteja, jioni au Jumapili, akiwa na daftari na kikokotoo. Anza ukiwa bado kazini ikiwa mkataba wako haukatazi, na wateja wawili au watatu. Mwaka wa kodi wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Ukianza na mteja Julai unapata mwaka mzima ulio safi; ukianza Mei utatumia miezi miwili kutafuta risiti zilizofungiwa maandazi.

Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure. Anayekudai fedha kwa ajili yake anakula jasho lako. Jina la biashara husajiliwa URSB, na leseni ya biashara mjini ni ya KCCA. Mapatano na mteja yaandikwe hata kama ni shemeji yako: kazi gani, ujira gani, unalipwa tarehe gani, na nani anatunza risiti. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano, na mwenye kuulizwa ni mteja, kwa hiyo risiti zikae kwake.

Na fedha ya kodi usiishike. Mteja apate namba ya malipo ya URA, alipe mwenyewe benki au kwa simu, akupe karatasi uiandike. Katika mji huu yapo maduka ambayo hayataki kusikia neno "mtunza hesabu" kwa sababu mmoja alipewa fedha ya kodi akatokomea. Unapoingia dukani la namna hiyo unalipa deni la mwingine, na njia ya kulilipa ni kukataa kuipokea fedha hata unapobembelezwa.

Walio na hofu ya kuanza mjini waanzie nyumbani, katika tawi. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006 inavitaka vyama kuweka hesabu sahihi za fedha zao. Mweka hazina asiyejua urari anahitaji mwenzake anayejua. Fanya kazi hiyo mwaka mmoja, hesabu zisomwe mbele ya mkutano na wanachama waulize maswali. Wakulima wa maneno makali hawakosekani mkutanoni, na aliyejibu maswali yao hatatetemeka mbele ya mwenye duka.

Zoezi

Seremala wa Ndeeba ameuza samani kwa shilingi milioni 64 katika mwaka. Ana vocha za mbao na daftari la mauzo, lakini fedha za nyumbani na za karakana hukaa katika mfuko mmoja. Kwa viwango tulivyovieleza, angelipa kodi kiasi gani bila kumbukumbu, na kiasi gani akiwa nazo? Kisha andika ni ukurasa upi unaokosekana katika vitabu vyake.

Majibu: bila kumbukumbu ni shilingi 400,000. Akiwa nazo ni 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya milioni 14, ambayo ni 84,000, jumla 264,000. Ukurasa unaokosekana ni wa matumizi ya mwenyewe.