Elimu ya Afya: Fahamu Macho Makavu Kabla ya Kununua Dawa ya Matone

Wakati wa kiangazi, upepo na vumbi huwaletea wananchi wengi macho yanayowasha, kuchoma na kuwa mekundu. Baadhi hununua dawa ya matone dukani bila kupimwa, jambo linaloweza kugharimu uoni wao.

Macho makavu ni nini?
Chozi lina maji, ute unaolishikisha kwenye jicho na mafuta yanayolizuia kukauka upesi. Kimojawapo kikipungua, uso wa jicho hukauka. Hata jicho linalotiririsha machozi laweza kuwa kavu: hutoa maji mengi ili kujihami, lakini hayadumu juu yake.

Walio hatarini zaidi ni wazee, wanawake waliokoma hedhi, wenye kisukari, wapikao kwa kuni ndani ya jiko lisilopitisha hewa, waendesha bodaboda wasiovaa miwani, na watazamao simu kwa muda mrefu, kwani hupepesa macho mara chache.

Hatua za kuchukua nyumbani
1. Fumba macho, ukande kope kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni.
2. Pumzisha macho mara kwa mara unapotumia simu.
3. Pikia mahali penye hewa, na vaa miwani ya kukinga vumbi.
4. Ukishauriwa kutumia machozi bandia, usichangie chupa na mtu mwingine.

Tahadhari
Usitie jichoni majani yaliyotwangwa, maziwa ya mama wala dawa aliyoandikiwa mtu mwingine. Baadhi ya matone yana steroidi. Huondoa wekundu haraka, lakini yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi yaweza kupandisha presha ya jicho, kusababisha mtoto wa jicho, na hata upofu.

Kwa watoto
Mtoto mwenye macho makavu na asiyeona vizuri gizani huenda amepungukiwa vitamini A. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kinga ni mboga za majani, viazi lishe, maembe na mapapai, pamoja na matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59.

Mwenye maumivu makali, ukungu wa macho au doa jeupe kwenye jicho asikae nyumbani. Afike haraka kituo cha afya kilicho karibu naye.