Mshauri Nasaha Kituoni: Kazi Yake na Jinsi ya Kuisomea

Mama anafika zahanati mara ya nne katika miezi miwili. Kichwa kinamuuma, usingizi hana. Shinikizo la damu liko sawa na malaria haikupatikana. Anapewa tembe za maumivu, anarudi nyumbani. Hakuna aliyejua kwamba alifiwa na mumewe mapema mwaka huu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mfano huu tumeutunga, lakini wauguzi wengi watautambua. Ndiyo sababu ya makala haya.

Mshauri nasaha hufanya nini?

Jina lisitupotoshe. Mshauri nasaha hatoi mawaidha kama mzee wa boma, wala haamui kwa niaba yako. Husikiliza, huuliza na kukusaidia kupima njia zilizopo hadi uchague mwenyewe. Unayomwambia ni siri, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini.

Katika kituo cha afya, humwandaa mtu kabla ya kupimwa virusi vya Ukimwi na kumpokea baada ya majibu. Humtia moyo mgonjwa wa kifua kikuu ambaye matibabu yake huchukua miezi 6 au zaidi. Huwahudumia pia waliodhulumiwa kingono, wenye uraibu wa pombe na akina mama wanaolemewa na huzuni baada ya kujifungua.

Hutumia pia vipimo. Dodoso la PHQ-9, kwa mfano, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ikiwa 27. Alama zikiwa juu, mgonjwa hupelekwa kwa afisa wa kliniki au daktari, kwani mshauri haandiki dawa. Anayefikiria kujidhuru huhudumiwa siku hiyo hiyo.

Faida kwa kituo

Mgonjwa aliyesikilizwa huelewa dawa zake na huzimeza. Foleni hupungua, kwa kuwa harudi kila wiki na dalili ile ile. Wahudumu nao, baada ya kumpoteza mgonjwa wodini, hupata mtu wa kuzungumza naye.

Njia ya kuisomea

Mwanafunzi aliyepata alama ya C- katika KCSE kwa kawaida anaweza kuomba diploma; shahada huhitaji C+. Kozi fupi ya kupima virusi ni mwanzo mzuri, lakini haimfanyi mtu kuwa mshauri kamili. Kusoma huambatana na mazoezi chini ya msimamizi.

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kusajili wanaofanya kazi hii. Kabla ya kulipa karo, hakikisha kozi inatambuliwa. Kabla ya kumlipa mshauri wa kibinafsi, omba kuona leseni yake.

Mhitimu anaweza kuajiriwa hospitalini, shuleni, gerezani au katika kituo cha kurekebisha waraibu, na baadaye kusimamia washauri wengine au kufundisha chuoni.

Wewe mkazi ufanye nini?

Ukienda kituoni, mwambie muuguzi pia yale yanayokusumbua moyoni. Ikiwa hakuna mshauri hapo, omba rufaa. Kwa dhuluma dhidi ya mtoto, piga 116 bila malipo. Kwa dhuluma za kijinsia, piga 1195, pia bila malipo.

Kuomba kusikilizwa si udhaifu, na wala si wazimu.