Usonji kwa Mtu Mzima: Jichunguze, Usijitibu

Kijitabu kwa kaya za Nassa

HAKUNA DAWA YA USONJI

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linalotuchosha. Pamba ikishauzwa na fedha ikaingia nyumbani, watu wazima wanaletwa zahanati wakiwa wamelegea na kutapika: wamenyweshwa mitishamba ya "kumfungua akili", au vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa bila kuandikiwa na daktari. Usinunue dawa ya usonji. Haipo dukani, haipo kwa mganga, haipo hospitali.

USONJI NI NINI

Ni maumbile ya mtu tangu utotoni; si kurogwa, si laana, wala hauambukizi.

JICHUNGUZE HIVI

Kaa na aliyekulea: mama, bibi au shangazi. Yeye anakumbuka usiyoyakumbuka. Muulize kama tangu ukiwa mdogo ulikuwa hivi: utani unauchukua kama maneno ya kweli, kelele za mnadani au za ngoma zinakuumiza hadi unakimbia, ratiba ikibadilika ghafla unavurugika siku nzima, jambo moja unalipenda na kulisimulia hata wenzako wakishachoka, ukikaa na watu unahitaji muda mrefu peke yako ndipo upate nafuu. Wanawake wengi huficha haya kwa kuiga wenzao, kwa hiyo dada asiseme "mimi naongea vizuri tu" akaishia hapo.

Kutazama chini mbele ya mkubwa usikuhesabu. Hiyo ni heshima tuliyofundishwa.

MASWALI YA KWENYE SIMU

Maswali hayo yalianza hivi: mwaka 2001 Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walitoa maswali 50 ya mtu mzima kujipima. Baadaye yakafupishwa kuwa 10. Katika hayo 10, ukipata alama 6 au zaidi, maana yake ni moja tu: nenda ukaonane na mtaalamu. Alama si cheti cha ugonjwa, na si cheti cha kununulia dawa. Tena yalitungwa kwa watu wa kwao: katika yale 50, swali moja linataka useme kama ungependelea maktaba kuliko sherehe. Mtu wa Nassa ajibu nini hapo?

HII SI YA KUSUBIRI

Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuchanganyikiwa ghafla ukubwani, kuanguka kifafa, kutaka kujiua: wahi kituo cha afya leo hii, usiku au mchana. Usimwache mgonjwa peke yake. Usimfunge kamba. Usimpeleke kwanza kuchanjwa chale. Na usimpe dawa ya usonji, kwa sababu haipo.

WAPI KWENDA

Anzia zahanati, upewe rufaa. Wataalamu wa afya ya akili wako hospitali kubwa: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, Bariadi, au Bugando, Mwanza. Nenda na aliyekulea. Huko watakusaidia shida ya usingizi, hofu au huzuni kama unayo, na watakupangia namna ya kuishi na kufanya kazi. Vidonge ulivyoandikiwa hospitali kwa maradhi mengine, kama kifafa, endelea navyo.

NYUMBANI

Mwenye usonji mpe kazi anayoiweza, mwambie mabadiliko mapema, usimcheke.

KAMA UMESHANUNUA "DAWA" YA USONJI

Usimalize chupa. Ilete zahanati hata kama imebaki nusu, pamoja na yule aliyeinywa. Hatutakugombeza.