SOMO LETU: CHUO CHA UUGUZI KIMO DAFTARINI?



Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Paje analima mwani. Binti yake amemaliza kidato cha nne. Kafaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, na anataka kuwa muuguzi. Siku moja jirani anamletea mama karatasi ya rangi. Anamwambia, "Bibi, chuo hiki rahisi. Miezi sita tu, cheti mkononi." Mama anafungua kibweta chake. Pesa za mwani za miaka miwili zimo humo.

Je, alipe? Asilipe kwanza. Leo tutajifunza kwa nini.

KWA NINI SERIKALI INAANGALIA VYUO VYA UUGUZI?

Fundi akiharibu kiti, atatengeneza kingine. Muuguzi akikosea, mtu anaumia. Sindano ikipigwa pasipo mahali pake, mguu wa mtoto unaweza kupooza. Kwa hiyo nchi nyingi haziachi kila mtu afundishe uuguzi apendavyo. Nyuzilandi ilitunga sheria ya kuandikisha wauguzi mwaka 1901. Uingereza ikafuata mwaka 1919.

NANI ANAANGALIA?

Kumbuka madaftari mawili.

Daftari la kwanza ni la vyuo. Vyuo vikuu vinaangaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tume hii inafanya kazi Bara na Zanzibar, kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano. Vyuo vya kati vinavyotoa vyeti na stashahada vina baraza lao la taifa, lililoanza kwa sheria ya mwaka 1997. Siku hizi linaitwa NACTVET.

Daftari la pili ni la wauguzi wenyewe. Hapa mambo ni tofauti, maana afya si jambo la Muungano. Bara kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na sheria yake ni ya mwaka 2010. Sisi tuna Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar.

Tazama mfano wa Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Kwa miaka mingi palikuwa na Chuo cha Taaluma za Sayansi za Afya. Mwaka 2016 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA. Kwa hiyo masomo yale yakaingia katika chuo kikuu. Lakini mhitimu bado lazima aandikwe katika daftari la wauguzi. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi.

WAKAGUZI WANATAZAMA NINI?

1. Walimu. Je, wamesomea kazi hiyo?
2. Mtaala. Je, masomo yanatosha? Stashahada ya uuguzi husomwa miaka mitatu, na shahada miaka minne. Basi miezi sita ni ya nini?
3. Chumba cha mazoezi. Mwanafunzi hujifunza kwanza kwa sanamu kabla ya kumgusa mgonjwa.
4. Hospitali. Mwanafunzi lazima aingie wodini, kama vile Mnazi Mmoja, apime presha, afunge vidonda na asaidie uzazi, huku mkufunzi yupo karibu.

Chuo kisicho na hospitali ya mazoezi ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ubaoni.

MZAZI AFANYE NINI?

Turudi kwa mama wa Paje. Akilipa bila kuuliza, binti atasoma, atavaa sare, atapiga picha. Halafu atakwenda kuomba kuandikishwa, aambiwe, "Chuo chako hatukijui." Pesa zimekwenda, na miaka haitarudi.

Kwa hiyo afanye hivi:

- Aandike jina kamili la chuo kwenye karatasi.
- Aulize namba ya usajili wa chuo. Chuo cha kweli hakifichi namba yake.
- Apande gari aende mjini, aulize katika Baraza la Wauguzi: "Mhitimu wa chuo hiki mnamuandikisha?"
- Akijibiwa ndiyo, ndipo alipe. Achukue risiti na aiweke.

Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni ndogo kuliko ada ya mwaka mmoja. Na wewe uliyejifunza kusoma, msomee jirani yako asiyejua. Soma kwanza, lipa baadaye!

MANENO MAGUMU

Mtaala: mpango wa masomo yote ya chuo.
Usajili: kuandikwa katika daftari la serikali.
Stashahada: cheti cha juu, chini ya shahada.

MASWALI

1. Madaftari mawili tuliyoyataja ni yapi?
2. Kwa nini Zanzibar ina baraza lake la wauguzi?
3. Taja mambo manne yanayotazamwa na wakaguzi.
4. Andika barua fupi kwa chuo, uulize namba yake ya usajili.