Taa na Milango ya Motokaa Kuukuu

Motokaa iliyokwisha tumika miaka mingi yaweza kuwachukua watu wa nyumba moja kwa salama, iwapo mwenyewe ajua taa zake ziwakavyo na milango yake ifungikavyo. Magari mengi ya namna hiyo katika Kisiwa cha Mombasa yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika huko, kisha yakakaa miaka karibu na bahari. Hewa ya chumvi huyala polepole, nayo huanzia pale ambapo jicho halifiki.

Tuanze na taa ndogo iliyo darini mwa gari, ambayo wengi huidharau. Katika magari mengi swichi yake ina sehemu tatu: ya kuzima, ya kuwaka daima, na ya tatu iwashayo taa mlango ufunguliwapo tu. Kitasa cha mlango wa gari hushika mara mbili. Mara ya kwanza mlango huonekana umefungwa, lakini ukiusukuma hutikisika; mara ya pili ndipo hukaza. Mlango ulioshika mara moja tu, mara nyingi huiacha taa ile ikiwaka. Basi taa hiyo ni bawabu wa gari, na kuizima kabisa ili kuhifadhi betri ni ubahili usio na faida. Ikiwa yawaka usiku kucha ingawa milango yote imekaza, tazama kitufe kidogo kilicho katika nguzo ya mlango: huenda kimeshikwa na kutu, nacho chataka kusuguliwa tu.

Katika ukingo wa mlango wa nyuma, mahali paonekanapo mlango ukiwa wazi tu, kipo kikomeo cha watoto. Kikitegwa, mpini wa ndani haufungui tena, bali wa nje wafungua. Kisidhaniwe kuwa ni kile kifungo cha kufungia mlango, ambacho mtoto wa miaka mitatu hujifunza kukivuta kwa siku moja. Mzazi akitege, kisha aketi nyuma, mtu mwingine amfungie, ajaribu kufungua kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini kikomeo hicho kina upande wa pili, na wakazi wa kisiwani yawapasa waujue. Tarehe 29 Septemba 2019 motokaa moja iliteleza kutoka katika feri ya Harambee kwenye kivuko cha Likoni ikazama, mama na binti yake wakafariki. Haikutolewa majini mpaka tarehe 11 Oktoba. Hatusemi kwamba kikomeo ndicho kilichowaua. Twasema hivi: gari lizamapo, maji huusukuma mlango kwa nguvu hata mtu mzima hawezi kuufungua, na mtoto aliyefungiwa nyuma hana hata mpini wa kujaribu. Njia ni dirisha, nalo hufunguliwa mara moja, kabla maji hayajalifikia. Kwa hiyo gari liingiapo ferini, breki ya mkono ivutwe na vioo viteremshwe. Kioo kinachokwama nchi kavu kitakwama na majini, kitengenezwe.

Katika njia nyembamba za Mji wa Kale, kama vile Ndia Kuu, hatari ya mlango ni nyingine: hufunguka mbele ya mkokoteni au pikipiki. Dereva aketiye kulia aufungue kwa mkono wa kushoto. Mwili utageuka wenyewe, na macho yataona nyuma. Watoto washuke upande wa ukutani.

Kuta hizo zilizopakwa chokaa zina faida yake. Jioni lirudishe gari kinyumenyume karibu na ukuta mweupe, ukanyage breki: nuru mbili nyekundu zikionekana ukutani, taa zako ni nzima, wala humhitaji mtu wa kukutazamia. Ukikanyaga breki, na indiketa ikawaka kidogo badala yake, usikimbilie kununua glopu. Mara nyingi waya urudishao umeme kwenye bodi ya gari umeliwa na kutu, na umeme watafuta njia nyingine ya kupita. Fundi aufungue, ausugue mpaka ung'ae, aufunge tena na kuupaka grisi.

Taa za mbele nazo huwa na vioo vya plastiki, ambavyo jua huvigeuza manjano vikawa na ukungu, hata glopu mpya isimulike. Vyaweza kusuguliwa kwa msasa laini wenye maji, kisha vipakwe dawa ya kukinga jua. Bila hiyo ukungu hurudi upesi. Ikiwa taa lazima zibadilishwe, mnunuzi aulize zilikotoka. Nchini Kenya magari hupita kushoto, na taa zilizoundwa kwa desturi hiyo, zikipunguzwa, humulika zaidi ukingo wa kushoto. Taa iliyong'olewa katika gari la nchi za Ghuba, ambako hupita kulia, hutupa nuru upande wa kulia, machoni mwa dereva ajaye. Dukani zote mbili huonekana sawa. Ziwashwe mbele ya ukuta kabla fedha haijalipwa, itazamwe nuru yapanda upande gani.